Pesa Zahesabika, Lakini "Money" Haihesabiki

Katika somo la Kiingereza liko swali ambalo wanafunzi wa hapa Nyakabere huliuliza kila mwaka, nalo ni hili: "Mwalimu, pesa ndicho kitu ambacho watu wa dunia nzima hukihesabu kutwa kucha. Mbona basi kitabu chasema ya kwamba neno 'money' ni jina lisilohesabika?" Swali ni zuri, tena lina haki ya kujibiwa vizuri, maana atakayelielewa jibu lake amekwisha kuelewa nusu ya jambo lenyewe.

Wazazi nao wasiruke ukurasa huu wakidhani ni wa watoto tu. Nchi yetu ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jirani zetu wa Burundi walikwisha kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014. Mfanyabiashara wa Uvira avukaye mpaka kwenda Bujumbura, au apelekaye mzigo Kigoma kwa njia ya ziwa, hukutana na karatasi za Kiingereza. Kijana atafutaye kazi katika shirika la misaada huombwa barua ya Kiingereza. Na kosa ambalo humtambulisha upesi mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kupitia Kifaransa na Kiswahili ni hili la kuhesabu yasiyohesabika.

Kwanza tuielewe sheria. Kiingereza kimeyagawa majina ya vitu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni majina ya vitu ambavyo lugha hiyo huviona kimoja kimoja, kila kimoja na mpaka wake: "book", yaani kitabu, "canoe", yaani mtumbwi, "child", yaani mtoto. Majina haya yana umoja na wingi, nayo hukubali kutanguliwa na tarakimu: "two canoes", "ten books". Fungu la pili ni majina ya vitu ambavyo lugha huviona kama lundo au kimiminiko kisicho na mipaka ndani yake: "water", "sand", "rice". Haya hayana wingi, wala hayakubali tarakimu, wala hayakubali lile neno dogo "a" lenye maana ya kitu kimoja. Husimama katika umoja siku zote. Sisi twasema "maji haya ni machafu", kwa wingi. Mwingereza husema "this water is dirty", kwa umoja, hata kama asemayo ni maji ya ziwa zima la Tanganyika lenye urefu wa kilometa 670 hivi.

Kutokana na mgawanyo huo hutokea mambo mengine. Penye vitu vya kuhesabika wingi huulizwa kwa "how many", na penye visivyohesabika kwa "how much". Uchache wa vya kuhesabika ni "few". Wa visivyohesabika ni "little". Tena jina la kuhesabika likiwa katika umoja haliwezi kutembea uchi, lazima livikwe neno fulani mbele yake: "a", au "the", au "my", au "this". Kiswahili hakina desturi hiyo, ndiyo sababu wanafunzi huandika "I am teacher", "my father bought canoe". Twasema "mimi ni mwalimu" bila kuongeza kitu, na hatuoni upungufu wowote. Lakini kwa Mwingereza sentensi ile imekatwa mguu. Jina lisilohesabika, kinyume chake, laweza kusimama peke yake kwa amani: "we drink water", "they sell rice".

Sasa turudi kwenye pesa. Jibu ni kwamba sarufi haihesabu vitu, huhesabu maneno. Mtu ahesabupo pesa zake hahesabu "money". Ahesabu faranga, au dola, au noti, au sarafu. "Twenty dollars" yasemwa, "five thousand francs" yasemwa, "three coins" yasemwa. Neno "money" lenyewe ni jina la lundo lote, kama vile "mchele" ulivyo jina la lundo. Hakuna mtu asemaye "michele ishirini", ingawa punje za mchele zipo wazi mbele ya macho yake, tena mwenye subira angeweza kuzihesabu hadi jioni.

Ajabu ni kwamba maneno yetu ya Kiswahili juu ya pesa yametembea njia hiyo hiyo. "Pesa" hapo kale ilikuwa sarafu maalum ya shaba. Asili yake ni jina la sarafu ya Kihindi, na katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki pesa 64 zilifanya rupia moja. Tangu mwaka 1904 Wajerumani wakaigawa rupia katika heller 100, na kutoka hapo tumepata neno "hela". Yaani pesa na hela zilikuwa vipande vya kuhesabiwa kimoja kimoja, kisha sarafu zenyewe zikafa, majina yakabaki yakiwa na maana ya utajiri wowote wa mkononi. "Fedha" ilitoka upande wa pili: kwa Kiarabu ni jina la madini yale meupe. Hapa Kongo nasi tuliona jambo la namna hiyo. Kuanzia mwaka 1967 zaire moja ilikuwa makuta 100, na moja katika hayo iliitwa likuta. Zaire imekwisha kuondoka, likuta halionekani tena, lakini huko Katanga watu wangali wakisema "makuta" kwa maana ya pesa tu. Basi Mwingereza asituonekane kuwa mtu wa vituko. Tofauti ni kwamba sisi bado twauliza "pesa ngapi?", na kwa sababu hiyo mwanafunzi huandika "how many money". Aandike "how much money", au akipenda, "how many francs".

Nasikitika kuona vitabu vingine vikiwatisha wanafunzi kwa orodha ndefu za kukariri, kana kwamba jambo hili ni geni kabisa kwa Mwafrika. Si geni. Nenda sokoni Uvira ukamsikilize mama auzaye mchele wa bonde la Ruzizi. Pengine hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini hutamsikia akisema "nipe pesa ya michele mitatu". Husema "makopo matatu ya mchele", "magunia mawili ya mchele". Wingi wote ameutia katika kopo na gunia. Mchele wenyewe hakuugusa. Kopo tupu la maziwa ya Guigoz, ambalo ni kipimo kinachojulikana sana katika masoko ya Kivu, lafanya kazi ile ile ambayo Mwingereza huifanya kwa maneno yake ya kupimia. "Three tins of rice", "two bags of rice": kipimo chabeba alama ya wingi, na kitu kipimwacho chabaki kama kilivyo. Mama huyo aijua sarufi hii kuliko wengi wenye vyeti. Ni sisi walimu tunaosahau kuanzia pale alipo.

Hata katika maneno ya sifa Kiswahili chaonyesha tofauti hii, ingawa kwa kujificha. Neno letu "-ingi" halibagui: watu wengi, maji mengi. Hapo hatupati msaada, maana Mwingereza atataka "many people" kwa wale na "much water" kwa haya. Lakini angalia upande wa uchache. Twasema "watu wachache", "vitabu vichache", "mitumbwi michache". Kwa maji husema "maji kidogo", kwa chumvi "chumvi kidogo", kwa unga "unga kidogo". Neno "-chache" lapenda vitu vyenye kuhesabika. Kadhalika "-ngapi": vikombe vingapi, lakini maji kiasi gani. Basi mwanafunzi akiwa katika shaka ajiulize kwanza kwa lugha yake: je, hapa ningesema "chache" au "kidogo"? Mara nyingi atapata jibu. Sisemi mara zote, kwa kuwa watu wengi husema "muda mchache", na pesa twazihesabu kwa "ngapi" kama nilivyokwisha kueleza. Kipimo hiki ni fimbo ya kutembelea, si gari.

Tena asitafute sababu katika ukubwa au udogo wa kitu chenyewe. Maharagwe na mchele vyauzwa katika kopo moja, na huliwa katika sahani moja. Lakini Mwingereza huyahesabu maharagwe, "beans", na mchele hauhesabu. Kitunguu akihesabu, "onion", "onions". Kitunguu saumu hakihesabu, "garlic", ingawa vyote viwili vyaning'inia pamoja dukani. Mboga ni "vegetables", kwa wingi. Matunda, mara nyingi, ni "fruit", bila wingi. Sisi hindi moja, mahindi mawili. Yeye "maize", basi. Sisi muhogo mmoja, mihogo miwili. Yeye "cassava", na akitaka kuhesabu aseme "two cassava roots". Dagaa wetu wa ziwani, ambao sisi twawataja kwa neno moja tu wakiwa wengi au wachache, wao huwaita "sardines" na kuwahesabu. Mwenye kutafuta busara ya vitu ndani ya mgawanyo huo atachoka bure. Ni desturi ya lugha, na desturi hujifunzwa kwa kuzoea.

Kwa upande wa mchele, sisi ndio tulio matajiri. Kilichoko shambani ni mpunga, kilichokobolewa ni mchele, kilichopikwa ni wali. Mwingereza ana neno moja la "rice" kwa hali zote tatu. Nalitaja hili ili mwanafunzi asije akafikiri ya kwamba kila tofauti kati ya lugha zetu ni upungufu wa kwetu.

Mitego ya kweli iko mahali ambapo Kiswahili na Kifaransa vyakubaliana kuhesabu, na Kiingereza peke yake chakataa. Mwanafunzi wa mwambao huu amelelewa na lugha ya nyumbani, iwe Kivira, Kifuliru au Kibembe. Amekua na Kiswahili. Amefundishwa shuleni kwa Kifaransa. Afikapo kwenye Kiingereza amebeba mashahidi wawili au watatu ambao wote wamwambia neno moja. Kiswahili chasema shauri, mashauri. Kifaransa nacho chahesabu, "un conseil, des conseils". Basi huandika "an advice, many advices", tena kwa moyo mkunjufu. La. Ni "advice" tu, na likiwa moja ni "a piece of advice". Habari tatu hazifanyi "three informations" wala "three news". "Information" haina wingi; na "news", ingawa yaishia kwa herufi ya s, ni umoja: "the news is good". Mizigo mitano ya msafiri si "five luggages", bali "five pieces of luggage", au kwa wepesi "five bags". Viti, meza na makabati ya nyumba kwa pamoja ni "furniture", neno lisiloongezewa s kamwe, hata nyumba ikijaa hadi mlangoni.

Kazi nayo yahitaji uangalifu, maana yawahusu vijana moja kwa moja. Kifaransa chasema "un travail", nasi twasema kazi moja, kazi mbili. Mwombaji huandika "I am looking for a work". Mwenye kusoma barua hiyo aelewa, lakini amekwisha kuona kosa katika mstari wa kwanza. Aandike "I am looking for work", au "for a job", kwa kuwa "job" yahesabika na "work" haihesabiki. Akitaka kusema ana ujuzi wa miaka mitano aandike "five years of experience". Akiandika "many experiences" atakuwa amesema mengine, yaani kwamba mambo mengi yamempata maishani. Na hilo pengine ni kweli, lakini silo aliloulizwa.

Yako na yale ya darasani na ya nyumbani. Chaki tatu ni "three pieces of chalk". Mikate miwili ni "two loaves of bread". Miche miwili ya sabuni ni "two bars of soap". Na hapa tuone fahari, maana Kiswahili kina neno lake hasa, mche wa sabuni, sawasawa na la Mwingereza. Kazi ya kufanyia nyumbani ni "homework", na mwalimu akitoa kazi kumi haiwi "homeworks". Nywele za kichwa zote ni "hair"; unywele mmoja ulioanguka ndani ya mchuzi ni "a hair", nao, kwa bahati mbaya, wahesabika.

Nguo ni za ajabu zaidi. "Clothes" ni wingi usio na umoja, tena haikubali tarakimu. Nguo tatu haziwi "three clothes". Sema "three shirts" kama ni mashati, au "three pieces of clothing" kama ni mchanganyiko.

Huenda msomaji akauliza: kwani ikosekane herufi moja, dunia itaanguka? Kwa kawaida haianguki. Mwingereza ambaye husikia "informations" huelewa. Lakini kuna mahali ambapo herufi hiyo hubadilisha maana yote, na hapo si mchezo wa shule tena. Tutazame mfano mmoja. Katika Aprili 2020 mvua kubwa iliufurisha mto Mulongwe mjini Uvira. Watu makumi wakafariki, nyumba kwa maelfu zikaharibika, na familia nyingi zikalala nje. Katika msiba wa namna ile kamati za mitaa na za parokia huandika barua kwa wafadhili, na wafadhili wengi husoma Kiingereza. Tuseme katibu wa kamati, mtu mwenye moyo mwema na Kifaransa kizuri, aandika hivi: "We had many damages. We need aids, equipments and clothings. Send us informations."

Tuipitie barua hiyo neno kwa neno. "Damage", bila s, ni uharibifu. "Damages", yenye s, ni fidia ambayo mahakama huamuru mtu alipwe na aliyemdhuru. Katibu alitaka kusema "tumeharibikiwa sana", naye ameandika kitu kinachokaribia "tulikuwa na fidia nyingi". Kifaransa ndicho kilichomponza, kwa kuwa huko "dégâts" na "dommages" husemwa kwa wingi bila shida. "Aid", bila s, ni msaada. "Aids" ni vifaa vya kusaidia, kama vile picha za kufundishia au chombo cha kumsaidia kiziwi. Tena kwa herufi kubwa ni jina la ugonjwa wa ukimwi. Mtu asomaye haraka ofisini, mwenye barua mia mezani, aweza kuipeleka barua hiyo kwa mkuu wa idara nyingine kabisa. "Equipments", "clothings" na "informations" hazibadilishi maana, lakini zaipunguzia barua heshima yake.

Sasa tuiandike upya: "There was much damage. We need aid, equipment and clothing. Please send us information." Herufi s zote tano zimeondoka, na barua imenyooka. Bora zaidi katibu angehesabu vile vinavyohesabika, kwa kuwa mfadhili ataka kujua idadi: "forty tents, two hundred blankets, three hundred bars of soap". Mahema na mablanketi yahesabika yenyewe. Sabuni yahesabika kwa miche yake. Maji ya kunywa ataomba kwa lita au kwa madumu. Hapo ndipo utakapoona ya kwamba kuyajua mafungu haya mawili si urembo: ombi lenye vipimo laweza kutekelezwa, na ombi la "many waters" haliwezi.

Yako majina ambayo hukaa katika mafungu yote mawili, kila upande na maana yake. Haya ndiyo yanayonifurahisha, wala sioni haya kusema hivyo. "Iron" bila "a" ni chuma. "An iron" ni pasi ya kunyoshea nguo. "A room" ni chumba. "Room" peke yake ni nafasi, hata mtu akiwa ndani ya basi lisilo na chumba chochote. "Paper" ni karatasi. "A paper" mara nyingi ni gazeti. "Much time" ni muda mwingi, "many times" ni mara nyingi. "Chicken" ni nyama ya kuku, "a chicken" ni kuku mzima. Kijana aliyealikwa kwa wageni na kusema "yesterday I ate a chicken", hali alikula paja tu, asishangae wakimtazama tumbo.

Samaki wataka mstari wao, kwa kuwa twaishi nao. Samaki mmoja ni "a fish", samaki kumi ni "ten fish": umbo moja katika umoja na wingi, kama kwetu. Samaki akiwa chakula haitwi tena kwa hesabu: "we eat fish". Lakini wataalamu husema "fishes", nao hawakosei. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa moja tu, ile iitwayo cichlidae, na wengi wao hawapatikani katika ziwa jingine duniani. Wabelgiji walituma msafara wa kuwachunguza katika miaka ya 1946 na 1947, na mjini Uvira pana kituo cha utafiti wa viumbe vya majini. Mtaalamu wa mambo hayo akisema "two fishes" ana maana ya aina mbili za samaki. Mvuvi wa Kalundu akirudi na mikeke wawili amepata "two fish". Mmoja ahesabu koo, mwingine ahesabu vichwa.

Upo pia ukaidi wa kinyume, nami nautaja upesi tu: "cattle", yaani ng'ombe, na "police", yaani askari polisi, hayana alama ya wingi, lakini hutaka tendo la wingi, "the cattle are", "the police are".

Wataalamu wa lugha wamelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Otto Jespersen wa Denmark, aliyeishi tangu 1860 hadi 1943, alilieleza katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924. Alionyesha ya kwamba majina ya lundo si yale ya vitu vya kushikika tu kama maji na dhahabu, bali hata ya mambo yasiyoshikika, kama vile muziki. Na Waingereza wenyewe wamewahi kuyahamisha majina kutoka fungu moja hadi jingine. Hapo kale njegere ziliitwa "pease", jina la lundo. Kwa kuwa mwisho wake ulisikika kama alama ya wingi, katika karne ya 17 watu wakaukata mwisho huo wakapata "pea", punje moja, na tangu hapo njegere zikahesabika. Msomaji asicheke: nasi tulipokea "kitabu" kutoka kwa Waarabu, tukaona "ki" mwanzoni, tukafanya "vitabu", ingawa kwa Mwarabu "ki" ile haikuwa na umoja wowote ndani yake.

Kwa mtu aliye mbele ya mtihani, au mwenye barua ya kupeleka jioni hii, niongeze shauri moja la haraka. Akisahau kama neno lahesabika au la, atumie "some" au "a lot of", kwa maana maneno hayo huingia katika mafungu yote mawili: "a lot of people", "a lot of rice", "some books", "some advice". Atakuwa ameponyoka "much" na "many" kwa pamoja. Lakini ile s ya mwisho haina maficho. Hiyo ni lazima aijue.

Wanafunzi wapendao kujipima wafasiri sentensi hizi kwa Kiingereza. Mama alinunua makopo manne ya mchele na maharagwe kidogo. Walimu walitupa mashauri mengi mazuri. Habari za leo ni mbaya. Baba yangu ni mvuvi, ana mtumbwi na nyavu mbili. Tulipakia mizigo sita, hakukuwa na nafasi tena. Katika ya nne waangalie "mvuvi" na "mtumbwi", yasiende uchi. Katika ya tano kuna mitego miwili.

Ya mwisho ni hii: "Huku kwetu kuna maziwa mengi." Hii mwanafunzi asiifasiri kabla ya kumwuliza msemaji ni nani. Akiwa mfugaji wa ng'ombe bondeni Ruzizi, ni "much milk". Akiwa mwalimu wa jiografia aliyesimama mbele ya ramani ya Kivu na Tanganyika, ni "many lakes".